Chumba Chenye Giza, Ua Wenye Jua: Kubana Mwanga kwa Amri za Linux

Haya wasomaji, leo tuache kidogo habari za hifadhidata na tovuti, tuzungumze picha. Usiogope kama hujui kupiga picha. Ukijua kufungua terminali na kuandika amri, tutakwenda pamoja.

Shida yenyewe ni hii. Simama ndani ya chumba chenye giza saa sita mchana, mlango uko wazi na nje kuna jua la pwani. Jicho lako linaona ukuta wa ndani na linaona nje pia. Kamera haiwezi. Ukiipima kwa ukuta, nje kunakuwa kweupe pepe. Ukiipima kwa nje, ukuta unakuwa kaniki. Faili ya kawaida ya JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, nyekundu, kijani na buluu, na ngazi hizo hazitoshi kubeba kiza cha pembeni na jua la uani kwa pamoja.

Dawa yake ni ya zamani kidogo. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik walieleza namna ya kuchukua picha kadhaa za kitu kimoja, kila moja ikiwa na muda wake wa kupokea mwanga, kisha kuzichanganya kuwa faili moja inayohifadhi uwiano halisi wa mwanga uliokuwapo. Hiyo ndiyo picha ya HDR. Kwangu mimi faili hiyo ni daftari la vipimo, kwa sababu kila pikseli inasema mwanga wa mahali pale ulikuwa mara ngapi ya ule wa mahali pengine.

Daftari hilo halionekani lote kwa uaminifu kwenye skrini ya kawaida wala kwenye karatasi. Lazima uwiano ule mkubwa ubanwe uingie kwenye nafasi ndogo. Kazi hiyo mimi naiita kubana mwanga, na ndiyo iliyonifanya niandike leo.

Shangazi yangu ana nyumba ya mawe kule Lamu. Ni nyumba ya kizamani, kuta nene za mawe ya matumbawe, boriti za mikoko darini, na chumba cha ndani kabisa chenye ukuta wa zidaka uliochongwa kwa chokaa. Chumba hakina dirisha. Mwanga wake unatoka kwenye ua wa katikati, unapita ukumbini, ndipo unaingia mlangoni. Nyumba imepata mnunuzi na chumba kile kitagawanywa. Ndugu waliniomba nikipige picha kabla ya mafundi kuingia. Kwa watoto watakaozaliwa baadaye, picha hizo ndizo zitakazokuwa chumba chenyewe.

Niliweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, nikafunga kila kitu kisibadilike: upana wa tundu la lenzi, ISO, na mizani ya rangi. Nilichobadilisha ni muda wa shata peke yake. Nilipiga tano: sekunde 1/250, 1/60, 1/15, 1/4, na sekunde 1 nzima. Ya mwisho imepokea mwanga mara 250 ya ile ya kwanza.

Nyumbani nilitumia pfstools, mkusanyiko wa programu huria ulioanzia Taasisi ya Max Planck kule Saarbrücken, Ujerumani. Kwenye Debian au Ubuntu unaandika:

sudo apt install pfstools

Kisha unatengeneza daftari la vipimo:

jpeg2hdrgen chumba*.jpg > chumba.hdrgen
pfsinhdrgen chumba.hdrgen | pfshdrcalibrate -v | pfsout chumba.hdr

Amri ya kwanza inasoma muda wa shata ulioandikwa ndani ya kila JPEG. Ya pili inachanganya picha zote tano. Tazama ile alama ya mstari wima. Ni kama mafundi waliojipanga wakipokezana mawe: kila programu inapokea picha, inafanya kazi yake moja, inampa wa pili. Ukitaka kubadilisha fundi mmoja, wengine hawana habari.

Sasa kubana. Programu hizi zina njia nyingi, na kila moja ina jina la mtafiti na mwaka wake: fattal02, reinhard02, drago03, mantiuk06. Nilianza na ile ya mwisho, inayoshughulikia tofauti za mwanga baina ya sehemu na sehemu:

pfsin chumba.hdr | pfstmo_mantiuk06 | pfsgamma -g 2.2 | pfsout moja.png

Ikatoka picha ya kushangaza. Kila kidaka, kila ua la chokaa, kila ufa ulionekana, na uani jani la mpapai likahesabika mishipa. Rafiki zangu wa kazini waliisifu sana. Nikaichapisha, nikampelekea shangazi.

Shangazi aliishika mbali, akaisogeza karibu, akaniuliza, "Mwanangu, hapa ni kwangu au ni duka la simu?"

Nikamwambia, "Ni kwako, shangazi. Tazama zidaka zote zimetoka."

"Ndiyo hayo. Ndani kwetu huingii ukaona vyote mara moja. Unaingia, unasimama kidogo, jicho linazoea, ndipo zidaka zinakujia kimoja kimoja. Hiki kiza kilijengwa, hakikutokea tu. Jua likiingia, na joto linaingia."

Nilirudi kwenye terminali na maneno hayo. Njia ya reinhard02 ilitokana na mazoea ya wapiga picha wa zamani, wale wa filamu, waliojiuliza kwanza: mandhari hii kwa jumla ni ya mwanga au ya kiza? Jibu unaliandika wewe kwa namba moja, baada ya -k. Usipoandika, programu inachukua 0.18, yaani mwanga wa wastani. Chumba cha shangazi si cha wastani. Basi nikaandika hivi:

for k in 0.05 0.09 0.18 0.36; do
pfsin chumba.hdr | pfstmo_reinhard02 -k $k | pfsgamma -g 2.2 | pfsout chumba_$k.png
done

Zikatoka picha nne za chumba kimoja, kutoka vipimo vilevile. Shangazi akazipanga mkekani. Ya 0.36 akaigeuza kifudifudi. Ya 0.05 akasema ni usiku. Akaweka kidole juu ya 0.09. "Hapa ndipo nilipozalia watoto wangu," akasema, na hatukujadili tena.

Ninalotaka ulichukue ni hili. Faili ya .hdr inabeba vipimo, na picha unayomwonyesha mtu ni maoni. Kila njia ya kubana mwanga ina maoni yake kuhusu kipi kionekane na kipi kibaki kivulini. Simu za siku hizi zinafanya kazi hii zenyewe kila unapobonyeza, na mara nyingi zinafanya vizuri, lakini maoni yaliyotumika yanabaki ndani ya simu. Kwenye terminali maoni hayo yameandikwa, herufi kwa herufi, na mtu mwingine anaweza kuyasoma, kuyapinga na kuyabadilisha.

Kwa hiyo kwenye diski ya familia nimeweka folda moja yenye JPEG tano za mwanzo, faili ya .hdr, picha aliyoichagua shangazi, na faili ndogo ya maandishi yenye amri zote. Mjukuu akitaka kuchunguza nakshi ya chokaa, ana mantiuk06, atahesabu maua yote. Akitaka kujua kuingia mle kulikuwaje, namba ni 0.09. Nimeandika pia ni nani aliyeichagua.