Spana ya Inchi Nane

Spana iliniponyoka saa nne na nusu usiku. Chini yangu alikuwa amesimama binti wa miaka 19, mchezaji ngoma, uso ameuinua juu kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia autazame mwanga.

Sikumwona akiruka. Nilisikia chuma kikigonga mbao za jukwaa, kikadunda mara moja, kisha ukumbi mzima ukanyamaza. Ilitua hatua moja kutoka unyayo wake wa kushoto na kuacha shimo dogo lenye umbo la mwezi mchanga. Shimo hilo lipo mpaka leo. Tumelipaka rangi nyeusi, lakini ukipapasa kwa kidole utalikuta.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana wengi wakiziona taa za jukwaani hudhani mtu amebonyeza swichi tu. Kila taa ina sehemu tatu za kukazwa: klampu inayoshika bomba, bolti inayounganisha klampu na mkono wa taa ili igeuke kushoto na kulia, na nati za ubavuni zinazoiruhusu iiname na kuinuka. Kutundika ni kazi ya mchana, taa zikiwa baridi na jukwaa likiwa tupu. Kulenga ni habari nyingine kabisa. Ukumbi uko gizani, taa inawaka, na zile taa za kopo za wati 1,000 zikishawaka dakika kadhaa huwezi kuzigusa bila glavu. Unalegeza bolti kidogo tu, taa ibaki nzito lakini itii mkono. Unaisogeza. Aliye chini anasema, "Sasa inaniumiza macho," nawe unafurahi, kwa sababu kiini cha mwanga kimempata usoni. Hapo unakaza kwa mkono mmoja huku mwingine ukiizuia taa isihame.

Kwa hiyo katika kulenga lazima mtu asimame chini. Hilo halina njia ya mkato, ingawa baadaye nilijaribu kuitafuta.

Spana ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya fundi wetu mkuu, tuliyemwita Mzee tu. Ilikuwa ya inchi 12, mpini wake umevishwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Siku yangu ya kwanza kazini nilimwamkia, akaiitikia shikamoo yangu, akaniangalia viganja, akasema, "Mikono yako laini, mwanangu. Chukua hii ndefu ikusaidie." Alinipa kwa mapenzi. Sikuwa na ubavu wa kukataa, na kusema kweli niliona fahari, kwa sababu vijana wenzangu walikuwa na fupi.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba urefu ule ndio ulionifanya nisiijue kazi. Mpini wa sentimita 30 unazidisha nguvu ya mkono mara moja na nusu ukilinganisha na wa sentimita 20. Kwa gurudumu la lori, sawa. Kwa bolti ya taa ni balaa, kwa sababu kukaza taa ni kazi ya kusikia: kuna mahali bolti inakuambia kwamba inatosha, na mpini mrefu unakupitisha hapo bila habari. Nilikata vichwa vya bolti mbili ndogo za klampu mwezi wa kwanza. Mzee alicheka, akasema nina nguvu kuliko nilivyoonekana.

Tena ilikuwa ile ya kufungua na kufunga mdomo, ambayo mafundi wa kwetu wanaiita spana malaya, kwa kuwa haichagui nati. Fikiria uko juu ya ngazi, ukumbi umejaa wasanii na mama mmoja aliyemleta mtoto mazoezini, na kijana anakupigia kelele kutoka chini, "Dada, malaya wako huyu hapa, umemsahau!" Mwanzoni nilicheka nao. Baadaye niliacha kucheka lakini sikusema kitu. Niligundua baadaye kuwa chombo hiki hakina bahati ya majina. Mswidi Johan Petter Johansson ndiye aliyeipatia hataza mwaka 1892 katika umbo tunalolijua, na bado Wafaransa husema ni ufunguo wa Kiingereza, Wadenmark wakasema ni ufunguo wa Kiswidi. Kila mmoja anamsukumia jirani.

Sababu ya kuipenda inaeleweka. Taa zetu ni mchanganyiko wa misaada na manunuzi ya bei rahisi. Zipo za Kimarekani zenye klampu nzito za chuma cha kumimina na bolti za robo tatu ya inchi, zipo nyingine zenye klampu nyepesi za alumini na nati yenye masikio ya kukaza kwa vidole, lakini bolti ya mkono wa taa inataka namba 17. Ukitaka spana moja ya kuzimaliza zote, ni hiyo malaya. Ila ikizeeka mdomo unacheza. Unaubana kwenye nati, ukiivuta unafunguka nusu milimita, unateleza, unakula pembe za nati. Usiku ule iliteleza mkono wangu ukiwa na jasho, na mimi nimenyoosha bega kuikwepa taa iliyokuwa ikiniunguza shavu.

Nyumbani nilipiga hesabu za fizikia ya sekondari, maana usingizi ulikataa. Kutoka mita 6, kitu kinachukua sekunde 1.1 kufika chini, nacho kinafika kwa mwendo wa karibu kilomita 39 kwa saa. Sekunde moja na kidogo. Huwezi hata kumaliza kusema "angalia." Kilichonikera zaidi ni kwamba kila taa kwenye lile bomba ilikuwa na waya wa usalama, ili klampu ikiachia taa ibaki inaning'inia. Taa tuliifunga mara mbili. Spana, tunayoichezea juu ya vichwa vya watu usiku kucha, hatukuifunga hata mara moja.

Kesho yake nililisema hilo. Mzee akajibu kuwa mkono wa fundi hauangushi. Mwingine akasema, si kwa sauti ya chini, kwamba ndiyo maana kazi za juu si za wanawake. Binti hakusema lolote. Alicheza onyesho lake, akachukua nauli yake, na tulipoanza maandalizi ya mchezo uliofuata akakataa kusimama kwenye taa. Wenzake nao wakakataa. Hawakugoma, walikuwa tu na udhuru kila nilipowaita.

Basi tukalenga kwa fagio. Tulisimamisha fagio la mti mrefu ndani ya ndoo ya mchanga na kulivika shati jeupe. Ukiwa juu unaona duara zuri la mwanga kwenye shati, unakaza, unashuka umeridhika. Onyesho likaanza, na waigizaji wote walikuwa na mashimo meusi mahali pa macho. Fagio halina nyusi. Halina paji la uso linaloangusha kivuli, wala halikuambii kwamba linaumia macho.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Gerezani. Nilimwambia muuzaji wa duka la kwanza nataka spana ya kubadilisha mdomo, ya inchi nane. Akanitazama. "Malaya?" Nikasema, "Ya kubadilisha mdomo." Akacheka, akaniletea tano.

Nilikaa na zile tano karibu nusu saa, mpaka akanivutia kigoda. Nilifungua kila moja hadi usawa wa namba 19, kwa sababu robo tatu ya inchi ni milimita 19.05 na hiyo ndiyo nati kubwa ninayokutana nayo, kisha nikautikisa mdomo karibu na sikio. Tatu zililia kama njuga. Ya nne ilikuwa kimya lakini gurudumu lake lilikwama, na juu ya ngazi gurudumu hilo unalizungusha kwa dole gumba tu. Ya tano ilikuwa imetumika, rangi imebabuka, imetengenezwa enzi za watu wenye subira. Ikakaa kimya. Mwisho wa mpini ilikuwa na tundu.

"Hiyo ni kuukuu, dada'ngu," alisema. "Mbona unaacha mpya?"

"Tundu lake nimelipenda."

Nikaongeza spana mbili za kawaida, namba 17 na namba 19, zenye mdomo upande mmoja na ringi upande wa pili. Ringi inaikumbata nati pembe zote, haitelezi hata ukiwa na jasho. Hizo ndizo nilizokusudia kuzitumia zaidi, na ile ya kubadilisha mdomo iwe ya nati zisizojulikana. Nyumbani niliipima kwenye mizani ya unga: gramu 270. Ya Mzee nilikuwa nimeshaipima, gramu 640.

Kamba ndiyo iliyonisumbua. Kwanza nilitumia waya wa simu ya mezani, ule uliojisokota, nikiona nimepata akili nyingi. Nilisimama kitandani, nikaangusha, kichwa cha waya kikachomoka na spana ikatua kwenye godoro. Mwishoni nilinunua kamba nyembamba ya nailoni kwa wauza vifaa vya uvuvi pale Feri, nikapima kutoka mkandani hadi ncha ya mkono ulionyooshwa juu, na nikakata hapo hapo. Kamba ndefu zaidi inanasa kwenye ngazi. Fupi zaidi inakufanya uifungue ukikereka, na ukishaifungua umerudi kulekule.

Mzee aliiona, akauliza kama ninaogopa spana yangu itakimbia. Nikamwambia ndiyo, Mzee. Akaenda zake. Wiki mbili baadaye niliikuta spana yake ya inchi 12 mezani, ile tyubu ya baiskeli imekatwa kipande na kufungwa mwishoni kama kitanzi. Hatukuzungumza habari hiyo.

Binti alirudi mwezi wa nne, kwenye mchezo mwingine. Nilikuwa juu, fagio liko katikati ya jukwaa na shati lake, nami nahangaika na taa ya pembeni. Alisimama kwenye ukingo wa mwanga, mikono kifuani.

"Dada, hiyo imefungwa?"

Nikaiachia. Ikashuka kiasi cha mkono mmoja, ikaning'inia ubavuni mwangu, ikijizungusha polepole na kugonga ngazi.

Akaitazama mpaka ilipotulia. Halafu akaliondoa fagio, akalisogeza pembeni na ndoo yake, akasimama.

"Haya," alisema. "Bado haijanifika machoni."