Flashi ya mama kutoka Minova

BUKAVU – Flashi ilitoka kwenye pindo la kitenge, ikiwa imefungwa mafundo mawili. Mama aliyafungua polepole, akaiweka mezani, lakini mkono wake ukabaki juu yake.

“Mwanangu, wananiambia vitu vyangu vyote vimegeuka. Kule nilikopeleka kwanza, kila folda wakiibonyeza inakataa.”

Kijana aliyeambiwa maneno hayo ana sekretaria ya meza moja katika komine ya Kadutu, chini kidogo ya soko. Laptop, printa, na waya wa umeme anaochangia na kinyozi jirani. Wengi humjia kwa fotokopi na barua za kuomba kazi. Tangu vita vya mwaka 2025, wengine huja na flashi.

Mama huyu alikimbia Minova mwezi wa Januari mwaka huo. Alishuka na watoto watatu kwa njia ya Kalehe, mara kwa miguu, mara kwa gari, akapokelewa na ndugu zake huko Panzi. Hata mwezi haukuisha, vita vikafika Bukavu kwenyewe. Karatasi zake zilibaki ndani ya sanduku, na sanduku likabaki ndani ya nyumba. Alichobeba ni picha za karatasi hizo: biletini za shule za watoto, hati ya parseli, na pamoja nazo sauti ya marehemu mume wake akiimba katika kwaya. Nakala moja tu, ndani ya flashi moja.

Kijana aliijua dalili hiyo. Ni virusi vinavyozunguka kati ya mashini za Windows: vinaficha folda za kweli na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Mtu akibonyeza, anakuwa ameviamsha virusi mwenyewe. Vitu vya mama vilikuwa bado vipo, ila vimefichwa.

Laptop ya kijana nayo inatumia Windows, kwa sababu wateja wanataka Word. Lakini ndani yake aliweka VirtualBox, na ndani ya VirtualBox akaweka Linux. Hiyo ndiyo mashini pepe, mashini inayoishi ndani ya nyingine kama mpangaji wa chumba cha nyuma. Pesa ya laptop ya pili haikuwepo. Virusi vya Windows vya aina hii havipati nguvu ndani ya Linux, na Linux haijali ile alama ya Windows inayoficha folda.

Hakuichomeka mara moja. Kwanza alihakikisha kwamba kichujio cha USB katika VirtualBox kimewashwa, ili flashi ipite moja kwa moja kwenye Linux bila Windows kuigusa. Kisha akaandika `lsblk` kuangalia jina lake. Hapo asiyeangalia vizuri anaweza kuchanganya flashi na diski ya mashini yenyewe. Yeye hutazama ukubwa. Ilikuwa `sdb1`. Akaipachika kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika chochote juu yake: `sudo mount -o ro /dev/sdb1 /mnt`.

Folda zikatokea. Mama alisogeza kiti.

Picha na sauti alizinakili kwanza ndani ya Linux. Njia za mkato hakuzigusa. Halafu akachomeka flashi mpya, ambayo mama alikuwa ameinunua sokoni asubuhi hiyo, akaipachika mahali pengine, akaanza kunakili upya. Baada ya muda mfupi dirisha likaonyesha kwamba kazi imekwisha.

Mama akanyoosha mkono.

“Mama, usiitoe kwanza.”

“Si inaandika imeisha?”

Inaandika, lakini haijaisha. Hilo kijana alilijua kwa gharama. Miezi michache nyuma, mzee mmoja, kiongozi wa kikundi cha wasikilizaji wa redio, alimletea vipindi alivyorekodi kwa muda mrefu, apate kuvisikiliza pamoja na wenzake kwenye redio ndogo yenye tundu la USB. Kijana alihamisha badala ya kunakili, akaona imekwisha, akachomoa. Jioni mzee alirudi. Redio ilisoma vipindi viwili, kisha kimya. Majina yote yalikuwepo, lakini mafaili mengi yalikuwa na ukubwa wa sifuri, na kule yalikotoka yalikuwa yamefutwa. Mzee hakumgombeza. Alisema tu, “Basi, papa,” akaondoka. Kijana anasema ingekuwa afadhali angetukanwa.

Sababu yake ni kwamba Linux, ili iende haraka, hupokea data na kuiweka kwanza katika kumbukumbu ya mashini, kisha huiandika kwenye flashi pole pole. Ukichomoa, au umeme ukikatika, kilichokuwa bado kinasubiri kinapotea. Flashi nyingi zimeandaliwa kwa FAT, mpangilio wa zamani usioweka daftari la kazi iliyokatizwa, kwa hiyo kurekebisha ni kubahatisha.

Aliandika `sync`. Mshale ukaganda. Taa ya flashi iliendelea kupepesa, dakika moja, mbili, tatu. Na hapo, kama kawaida ya mji huu, umeme ukaenda. Mashine ya kinyozi ikanyamaza. Betri ya laptop ni ya zamani. Inashika kama dakika kumi, siku nyingine chini ya hapo.

Hakuna aliyesema kitu. Mshale ukarudi.

Akaandika `umount`, ambalo ni neno la kupachua, nalo halina herufi ya n baada ya u, jambo ambalo limemsumbua kila anayeanza. Jibu likaja: flashi inatumika. Kijana akacheka kidogo. Ni yeye mwenyewe aliyekuwa bado amesimama ndani ya folda ya flashi. Akatoka kwa `cd`, akarudia. Safari hii Linux haikusema kitu, na kwa Linux kimya ni jibu zuri. Akaipachua na flashi ya zamani.

Ilibaki hatua moja ambayo wenye mashini pepe huisahau: kwenye menyu ya VirtualBox aliondoa alama mbele ya flashi zote mbili, Linux iziachilie. Kuna wanaofunga dirisha la VirtualBox flashi ikiwa bado imepachikwa, wakidhani mpangaji ameshahama. Taa zote zilipozimika, akachomoa.

Kisha akaichomeka ile mpya tena, kwa kusoma tu, kuhakikisha. Akafungua picha ya hati ya parseli, akaikuza mpaka mhuri ukasomeka. Biletini zote zilifunguka. Mama akaomba ile sauti. Waliisikiliza kidogo tu, kwa sababu ya betri, na kijana akafanya yale yale ya kupachua tangu mwanzo.

“Ni ngapi?”

Alimtajia bei ya kurasa mbili za fotokopi. Mama alilipa, akafunga flashi ya zamani kwenye pindo lake. Ile mpya alimpa binti yake mkubwa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwambia asitembee nayo upande uleule wa barabara.