Kabla ya Kuongeza, Uliza Panapovuja

Ukipita Tandika au Mbagala Rangi Tatu jua likiwa kali, hukosi kumsikia muuza juisi ya rozela: "Inaongeza damu!" Uswahilini damu tunaipima kwa wingi na wekundu wake. Aliyepungukiwa hupikiwa tembele, akatafutiwa na maini. Sehemu ya damu isiyo nyekundu haina msemaji.

Mimi nilianza kuifikiria shangazi yangu wa Mbagala alipovimba. Asubuhi aliamka uso umejaa, kope nzito. Ikifika jioni uvimbe umeshuka miguuni, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Majirani wakampongeza: "Dada, siku hizi umenawiri!" Waliokuwa na wasiwasi walimletea supu apate nguvu. Mkojo wake ulikuwa ukitoa povu zito kwa muda mrefu, na kipimo kikaeleza kwa nini: figo zilikuwa zikiachia protini za damu zitoke nje.

Damu ikizungushwa kwenye mashine ya maabara, chembe nyekundu huzama, na juu hubaki majimaji ya manjano yanayoitwa plazima, zaidi kidogo ya nusu ya damu yote. Asilimia 90 hivi ya plazima ni maji. Protini ni kama gramu 70 tu kwa lita, lakini humo mna fibrinojeni inayogandisha damu kwenye jeraha, mna kingamwili zinazopambana na maradhi, na mna albumini, iliyo nyingi kuliko zote: gramu 35 hadi 50 kwa lita. Albumini hubeba dawa na homoni, na huyazuia maji yabaki ndani ya mishipa. Ikipungua sana, maji hupenya na kutuama miguuni, tumboni, usoni. Kwa hiyo mtu anaweza kuonekana amenona kumbe anapungukiwa.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba supu haikuwa dawa. Albumini hutengenezwa na ini, gramu 10 hadi 15 kwa siku kwa mtu mzima, na nusu ya iliyopo leo huwa imeondoka baada ya wiki tatu hivi. Upungufu wake una milango mingi: chakula duni, ini lililochoka, maambukizi makali, figo zinazovuja. Penye figo zinazovuja, kurundika nyama hakuzibi tundu, na kunaweza kuzielemea figo zenyewe. Shangazi aliandikiwa dawa na kuambiwa apunguze chumvi. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba kizima.

Hata mtoto aliyevimba kwa utapiamlo mkali hafurikishwi protini siku ya kwanza. Wodini huanzishiwa maziwa maalumu ya F-75, yenye protini chini ya gramu moja kwa kila mililita 100, mpaka mwili wake utulie. Baadaye ndipo hupewa F-100, yenye protini mara tatu. Anayemtazama kwa huruma tu angetamani ajazwe sahani papo hapo, na huruma hiyo ingeweza kumuua.

Tangu hapo naitazama upya michango yetu ya ukoo. Binamu yangu ana genge Mwananyamala. Kila mtaji ulipokatika tulichanga, tukatuma, tukajisifu kwa umoja wetu. Nyanya zilikuwa zikiuzika vizuri; fedha zilikuwa zikiishia kwenye marejesho ya mkopo wa kausha damu ambao yeye aliona aibu kuutaja. Kila mchango wetu ulipita mikononi mwake ukaenda kwa mkopeshaji. Tulipokaa naye tukaumaliza mkopo ule, genge likaanza kujiendesha kwa mtaji mdogo kuliko tuliokuwa tukituma.

Kutoa ni rahisi kuliko kuuliza. Ukitoa utashukuriwa, ukiuliza fedha inaishia wapi, au mkojo una povu tangu lini, utanuniwa na pengine kuitwa mbea. Ndiyo maana wengi tunakimbilia kutoa. Lakini mwenye uvimbe usoni anahitaji kipimo cha mkojo kabla ya bakuli la supu, na mwenye biashara inayokauka anahitaji mtu wa kukaa naye na daftari kabla ya muamala wa simu. Msaada usiotanguliwa na swali mara nyingi humfaidi mtoaji: yeye hulala usingizi, mgonjwa akabaki na uvimbe wake.