Dunia Ni Kozi Mbili

Kazi inayonilipia nyumba mwaka huu ni ya ajabu kidogo, ukizingatia kwamba sina digrii. Kuna kampuni ya kuwasaidia vijana kwenda kusoma ng'ambo. Inanituma kwenye orodha za kozi za vyuo vikuu vya Marekani, nizisome, kisha nizieleze kwa namna ambayo mtoto aliyemaliza Form Four na mzazi wake wataelewa. Nalipwa kwa makala. Bando ni juu yangu.

Kwanza ilibidi nielewe mpangilio wao. Kwetu unaingia chuo ukiwa na jina la kozi tayari. Umepata C+ au zaidi kwenye KCSE, umechagua kupitia KUCCPS, pointi za klasta zimehesabiwa, umeitwa kusoma uhasibu. Basi wewe ni mhasibu mtarajiwa kuanzia siku ya kwanza. Marekani, shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti kama 120, na nyingi za mwanzo huenda kwa masomo ya jumla: uandishi, hisabati, sayansi, historia. Fani kuu wengi huitangaza kufikia mwisho wa mwaka wa pili.

Mimi kufikia mwisho wa mwaka wa pili nilikuwa nimeshafungasha. Karo ilimshinda mathe, na bila karo hakuna mtihani. Sikupata hata muda wa kujiuliza kama ile kozi ilinifaa.

Ndani ya hayo masomo ya jumla kuna sharti moja lililonifanya niache kuandika nisome tu: sharti la dunia. Vyuo vingi vinamtaka mwanafunzi asome kitu kuhusu watu walio nje ya Marekani na Ulaya. Chukua Columbia, pale New York. Wana kozi ya lazima iitwayo Contemporary Civilization, imekuwepo tangu 1919, na humo utakutana na kina Plato. Hiyo ni sehemu ya kiini cha elimu yao. Halafu kuna Global Core. Hapo unachagua kozi mbili kutoka kwa orodha. Afrika, Asia, Amerika ya Kusini, Uarabuni, sote tumo humo tunabanana kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni.

Silalamiki. Kozi mbili ni bora kuliko sifuri. Lakini nilijiuliza, kwangu mimi dunia ilikuwa yuniti gani? Haikuwa yuniti. Ilikuwa kila mahali. Kwenye Jiografia ya sekondari tulisoma ng'ombe wa maziwa wa Denmark, ngano ya Kanada, kahawa ya Brazil, na jinsi Waholanzi walivyoinyang'anya bahari ardhi. Hakuna aliyetuambia kwamba tunatimiza sharti la dunia. Tuliambiwa itakuja kwenye mtihani.

Halafu, nikiendelea kusoma orodha, nikakutana na Kiswahili. Chuo Kikuu cha Wisconsin pale Madison kinakifundisha, na si peke yake. Mwaka 1957 Warusi walirusha Sputnik, Wamarekani wakashtuka, na mwaka 1958 wakapitisha sheria ya kutoa pesa za elimu, zikiwemo za kufundisha lugha za mbali. Kumbe lugha ambayo mathe hunigombezea ni kozi yenye krediti huko.

Swali la nani akae katikati ya orodha si geni hapa. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka pale Nairobi wakitaka idara ya Kiingereza ivunjwe. Hawakusema Shakespeare atupwe. Walitaka Afrika iwekwe katikati, na fasihi za kwingine zisomwe kutokea hapo. Nikisoma orodha ya kozi siku hizi, hilo ndilo ninalotafuta kwanza: kiini ni nini, na nani amewekwa kwenye zile mbili za kuchagua.

Dadangu alimaliza Form Four juzi. Ana alama zake, na anataka kusoma Kiswahili. Nyumbani Voi kukawa na kikao. Anko alimuuliza, "Kiswahili si unakijua tayari?" Mathe alinyamaza, na kunyamaza kwa mathe ni hesabu ya pesa.

Nilikuwa na jibu mdomoni. Ningewaambia habari za Madison, kwamba Wamarekani wanalipa dola kujifunza kile tunachokidharau. Wangenyamaza wote. Lakini nilijizuia. Kama Kiswahili kinafaa kusomwa kwa sababu tu Mmarekani anakisoma, basi bado tumekaa kwenye zile kozi mbili.

Nikamuuliza dadangu mwenyewe, "Wewe unakitakia nini?"

"Kaka, bibi alikuwa na maneno ambayo sijayapata kwenye kamusi yoyote," akasema. "Nataka kujua yalitoka wapi."

Anko akakohoa, akaomba chai.

Amekiweka chaguo la kwanza. Mathe hajakubali wala hajakataa. Karo ya semesta ya kwanza nimesema ni yangu. Nimepiga hesabu: ni makala kadhaa kuhusu vyuo vya Marekani, na nimeshaomba nyingine nne.