Solo Iko mu Gaji

Dada yangu mkubwa alipoolewa mwaka 1986, hakuna aliyeuliza kama orkestra itakuwepo. Watu waliuliza ni orkestra gani. Baba alikuwa karani tu, lakini katika Bukavu ya wakati ule, harusi ya kiangazi isiyo na gitaa ilionekana kama mahari imepokewa kwa siri.

Kuwapata wapigaji ilikuwa kazi ya miguu. Tulipanda kutoka Nyawera hadi Kadutu, mimi nimebeba kikapu chenye chupa za bia ya Primus, kwa kuwa kwa shefu wa orkestra huendi mikono mitupu. Mchana amelala, usiku yuko nganda, yaani baa, anapiga. Inabidi umvizie jioni, tena ukiongozwa na mtu wake, shemeji au jirani. Baba alianzia mbali: mvua, bei ya muhogo, kwaya ya parokia. Habari ya malipo ilitoka kwenye chupa ya pili.

“Papa Shefu, ni mutoto yangu ya kwanza.”

“Muzee, watu wote wako. Ila solo iko mu gaji kwa mwenye nganda.”

Gitaa limewekwa rehani! Baadaye nilielewa kwamba halikuwa jambo la ajabu. Magitaa, amplifaya na ngoma za batri mara nyingi vilikuwa vya mwenye baa au tajiri fulani. Mwanamuziki alimiliki vidole vyake. Avansi yako, malipo ya awali, ilianza kwa kulipa madeni ya watu usiowajua. Juu yake uliongeza chakula, bia, gari la kupandisha vyombo milimani, na karatasi ya majina.

Karatasi hiyo shefu aliichukulia kwa uzito zaidi kuliko fedha. Alitaka wazazi, wajomba, mashangazi wa upande wa mume, hata kama ukoo umetoka Kabare au Walungu, ili awaimbe wote. Huko Kinshasa majina kama hayo huitwa mabanga, na masupastaa huyauza. Kwetu yalikuwa ndani ya bei. Aliyesikia jina lake aliinuka, akacheza hadi mbele, akambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Kadiri sarafu ya zaire ilivyoporomoka, ndivyo paji lilivyokosa nafasi.

Siku ya mahari hatukukodi mtu. Mashangazi waliteremka kutoka kijijini, wakaimba kwa Mashi na kupiga makofi, wakanyweshwa pombe ya kasiksi. Mmarekani Alan Merriam alirekodi muziki wa Bashi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nadhani angewatambua wale mama zetu.

Wengi husema DJ ndiye aliyeua orkestra. Mimi naona alikuta maiti. Wapigaji wa mashariki ya nchi walikuwa wameanza kuondoka zamani: Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy. Kisha vita. Oktoba 1996 mji ulipotekwa, Askofu Mkuu Munzihirwa akauawa hapohapo Nyawera. Agosti 1998 vita vikaanza upya. Orkestra huishi kwa mwenye vyombo, nganda inayokesha, na umeme. Mwenye vyombo alikimbia, usiku ukawa wa hatari, na umeme wa Ruzizi tukawa tunaupata kwa zamu, mtaa huu leo, ule kesho. Mitambo ya sauti ya DJ mmoja inatosheka na grupu, yaani jenereta ndogo ya petroli. Baadaye akaja kijana wa kinanda anayebeba besi na ngoma ndani ya mashine moja, na komite za harusi zikafurahia hesabu.

Wanaojua gitaa siku hizi wengi wamelelewa na makanisa. Ukimtaka mpiga solo, mtafute Jumapili asubuhi karibu na madhabahu, kisha mkubaliane ni nyimbo zipi za dunia ambazo mchungaji wake hatazisikia. Majadiliano haya ni magumu kuliko ya fedha. Fedha yenyewe ni dola, na noti yenye mpasuko mdogo kama ukucha inarudishwa. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na benki zikafungwa, avansi inapita kwenye simu, na harusi ninazoalikwa zinakwisha kabla ya giza. Orkestra ya 1986 saa hiyo ilikuwa bado inafunga nyaya.

Kwa harusi ya mpwa wangu tumepata kijana wa saksafoni kutoka Panzi. Hakuna aliyepanda mlima wala kufungua chupa: alituma video, akataja bei, akauliza grupu ni yetu au yake. Niliposubiri aulize majina, kimya. Nikamwambia mwenyewe kwamba pana watu wa kutajwa.

“Tuma kwa WhatsApp, Mama. Nitayasema kwa mikro kabla ya kupuliza.”

Nimeanza na mashangazi. Wajomba wakisahaulika hucheka. Mashangazi hurudi kijijini na habari.