Naongoza Sifa Kanisani, na Nina Kigugumizi

Wadau, leo naomba niongee kitu ambacho wengi tunaohudumu kanisani tunakizunguka. Ukitaka kujua kiongozi anaogopa nini, usiangalie anachokifanya vizuri madhabahuni. Angalia anachokikwepa kila wiki. Kuna anayehubiri moto kila Jumapili lakini hataki mtu afike nyumbani kwake. Kuna mama wa maombi ambaye hakuna anayejua yeye huombewa na nani. Mimi nilikuwa nakwepa kuongea kwenye maiki, na mimi ndiye kiongozi wa sifa.

Najua hiyo inachanganya. Ngoja nieleze.

Nina kigugumizi tangu utotoni. Neno linafika mdomoni, linagoma, na nikilisukuma ndiyo linazidi kugoma. Herufi B na K ndizo zinazonitesa zaidi, na jina langu linaanza na K. Hapa Dar nimeshapitilizwa vituo vya daladala mara nyingi tu. Konda anauliza kama kuna wa kushuka, inabidi ujibu sekunde hiyo hiyo. Mimi mpaka sauti ije, gari imeshapita. Nashukia mbele, narudi kwa mguu.

Cha ajabu, nikiimba sikwami kabisa. Wala si muujiza wangu peke yangu: watu wengi wenye kigugumizi huimba bila shida, na hata wakitamka maneno pamoja na wenzao ulimi unalegea. Ndiyo maana Sala ya Bwana tukiisali kanisa zima naitiririsha mwanzo mwisho. Lakini niambie nifungue kikao kwa sala, mimi mwenyewe, watu wamefumba macho wananisubiri. Jasho hilo!

Kwa hiyo kwa miaka minne kanisa lilinijua kama kijana mwenye sauti. Kati ya wimbo na wimbo sikuongea, mpiga kinanda alikuwa anaunganisha tu. Watu wakasema sifa zangu zina upako kwa sababu hazikatikikatiki. Salamu ya "Bwana asifiwe" ilikuwa inanikaba kwenye ile B, nikahamia kwenye "Shalom". Baada ya miezi michache nusu ya vijana wakawa wanasalimiana Shalom, wanadhani kaka kapata ufunuo. Kumbe kaka anaikimbia herufi.

Unaweza kucheka, na mimi siku hizi nacheka. Ila ndani haikuwa kichekesho. Mtu wa kawaida asiyejiamini anaogopa kuchekwa. Kiongozi wa kanisa anaogopa na kitu kingine juu yake: anaogopa watu wataona Mungu hayuko naye. Unamwekeaje mtu mkono apone, wakati wewe jina lako mwenyewe linakushinda kutaja? Hilo swali nililala nalo na kuamka nalo.

Kilichonifungua ni dogo mmoja wa sekondari, mwimbaji wa sauti ya tatu. Alinifuata baada ya mazoezi ya Ijumaa akasema anaacha kuja. Nikamuuliza kuna nini. Akachukua muda mrefu kujibu, na kabla hajamaliza neno la kwanza nilishajua. Kwenye kipindi cha vijana walikuwa wanasoma mistari kwa zamu, zamu yake ikifika anakwama, wenzake wanacheka chini chini. Halafu akasema kitu ambacho sitakisahau: "Kaka, we huwezi kuelewa. We unaongea freshi."

Nikamjibu. Sikubadilisha neno hata moja, sikukwepa herufi yoyote. Nikakwama kwenye K ya jina langu mbele yake, muda mrefu tu. Yule mtoto akanitazama kama mtu aliyemkuta ndugu yake ugenini. Hakuacha kuja.

Wiki hiyo nikaenda kwa mchungaji wetu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunimalizia maneno, na wenye kigugumizi mnajua hiyo ni zawadi kubwa kiasi gani. Kisha akaniuliza kama nimewahi kusoma vizuri habari za Musa kwenye Kutoka sura ya 4. Musa alimwambia Mungu wazi kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu hakumponya ulimi pale pale. Alimpa Haruni, akamwambia twende kazini. "Jumapili ya vijana utasoma sura hiyo," mchungaji akasema. "Polepole. Tutakusubiri."

Jumapili ikafika. Nikaanza kwa kusema, "Nina kigugumizi, nitakwama, naomba mnivumilie." Nikasoma, na nikakwama kweli, tena kwenye neno Bwana, ambalo sura ile limejaa kila kona! Dakika mbili za watu wengine zikawa saba zangu. Hakuna aliyekufa. Baada ya ibada mzee mmoja alitaka kunifanyia maombi ya kufungua ulimi, nikampa mkono na kumshukuru, maombi sikatai. Ila nilimwambia pia kwamba kigugumizi si pepo wala si upungufu wa imani. Kwa kawaida huanza mtu akiwa mtoto mdogo, wengi hukiacha wakikua, na wachache, karibu mtu mzima 1 katika kila 100, tunabaki nacho.

Nikijilinganisha na wengine, changu kilikuwa chepesi. Mwaka 1992, kipindi ambacho UKIMWI ulizungumzwa kwa kunong'ona, padri wa Kianglikana nchini Uganda, Gideon Byamugisha, alitangaza hadharani kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI. Anatajwa kuwa kiongozi wa kwanza wa dini Afrika kufanya hivyo. Hebu fikiria uzito wa kusimama na kola yako shingoni ukasema neno hilo wakati ule. Baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa mtandao wa viongozi wa dini Afrika wanaoishi na virusi au walioguswa navyo. Yaani wengine walikuwepo muda wote. Walikuwa wanasubiri mmoja aanze.

Sasa, uwazi si kumwaga kila kitu kwenye maiki. Kuna mambo ya ndoa yako ambayo si yako peke yako kuyasema. Kuna vidonda vibichi vinavyohitaji mtu mmoja wa kukaa navyo, au mshauri, kabla havijaitwa ushuhuda. Na waumini si wauguzi wako, usiwabebeshe wiki baada ya wiki. Mimi nilianza na dogo mmoja, nikaenda kwa mchungaji, ndipo kanisa. Huo mpangilio ulinisaidia sana.

Kigugumizi bado ninacho. Jumapili iliyopita nilikwama kwenye tangazo la michango ya kambi, watu wakasubiri, nikamaliza, tukaendelea. Kutojiamini nako hakujahama moja kwa moja, kunakuja kugonga mlango hasa nikiona wageni wengi. Tofauti ni kwamba hakunipangii ratiba tena.

Kama wewe ni mwalimu wa Sunday school, mwenyekiti wa vijana au mama wa maombi, na kuna kitu unakizunguka kila wiki, tafuta mtu mmoja umwambie kabla ya Jumapili. Kwenye kundi lako kuna mtu anajiandaa kuondoka kwa sababu anaamini wewe huwezi kumuelewa.

Bwana asifiwe. Nimeandika hivyo, na kanisani siku hizi nasema hivyo hivyo, hata ikichukua muda.