Kitu Kizima

Mama alinitumia laki saba Jumanne asubuhi, fedha ya mgawo wa kikoba chake, pamoja na ujumbe mfupi: "Safari hii nunua kitu kizima." Mama ni fundi cherehani Tanga, fedha ile nilijua imetoka kwenye nguo ngapi. Sikumjibu. Kompyuta iliyokufa nayo niliinunua nzima.

Ilikuwa mashine ya ofisi, mtumba wa Ulaya, imefutwa vumbi ikang'aa. Umeme ulikatika Mbagala, ukarudi kwa kishindo, pawa saplai ikaungua. Nilidhani nitanunua nyingine nirudi kwenye tasnifu yangu. Fundi wa Kariakoo alifungua kifuniko, akatikisa kichwa. "Plagi hii ni ya kampuni yao peke yao, dada. Umbo lake pia. Ya kawaida haiingii." Diski ilipona, na sura zangu mbili ndani yake. Vingine vyote vikawa chuma chakavu.

Usiku ule nilisoma kuhusu ATX, vipimo vilivyotolewa na Intel mwaka 1995: matundu ya skrubu yakae wapi, pawa saplai iwe na umbo gani, plagi ziweje. Vifaa vinavyovifuata huingiliana hata vikitoka viwanda tofauti. Nikakumbuka sindano za mama, zinavyoingia pia kwenye cherehani ya jirani.

Basi nikanunua vipande: kesi, mazabodi, prosesa, ramu mbili, pawa saplai. Maduka matatu, siku mbili, laki saba na arobaini. Nisikudanganye, kwa bei hiyo ningepata mashine iliyokamilika yenye nguvu zaidi, na risiti moja. Mimi nilikuwa na risiti tatu, na hakuna muuzaji aliyewajibika kama vitu vyao vingegoma kuelewana.

Vikagoma. Nilibonyeza swichi, feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Nilikaa sakafuni karibu saa nzima nikihesabu miezi ambayo mama alichangia kikoba. Hatimaye nikachomoa ramu zote, nikajaribu moja moja. Ya pili ikawaka. Ya kwanza haikuwa imeingia hadi mwisho. Nikaikandamiza kwa vidole gumba viwili mpaka kibanio kikalia tik.

Jioni mama akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umenunua nzima?"

"Hapana, mama. Nimeshona."

Akanyamaza. Mama anajua nguo ya dukani mara nyingi huwa nafuu kuliko ya kushona. Anajua pia mwili ukibadilika, nguo isiyoachiwa pindo huishia kuwa dekio.

"Umeacha pindo?" akauliza.

Nikatazama nafasi mbili za ramu zilizobaki tupu.

"Nimeacha, mama."

"Haya. Andika hiyo tasnifu."